Mtoto Anacheza: Usomaji wa Kadi ya Kliniki

Kadi niliyo nayo mezani ni ya dada yangu, na ameniazima kwa sharti moja: irudi bila doa la chai. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa, pembe zake zimelainika kama noti iliyopita mikono mingi, na mkunjo wa katikati umeshikizwa kwa selotepu, maana kwa karibu miezi sita ilikuwa ikiingia na kutoka kwenye mkoba mmoja pamoja na khanga, chupa ya maji na majibu ya maabara. Ilifunguliwa kwenye kliniki moja ya hapa Upanga, Dar es Salaam, na ikamaliza kazi yake mtoto alipozaliwa. Wizara inaiita RCH-4; wenye nayo wanaiita kadi, basi. Sisi wahakiki huipita tukiihesabu chombo cha kazi, kisha tukarudi kwenye tenzi na riwaya zetu. Lakini fomu nayo ina fani. Nani ananena humu, kwa nafsi gani, kipi kimefupishwa, wapi pameachwa wazi na kwa sababu gani: haya ni maswali yetu ya kila siku, na kadi hii inayajibu kwa utajiri ambao diwani nyingi ningezipunguzia alama kwa kuukosa.

Tuanze na mjengo. Juu kuna wasifu: jina, umri, kimo, kazi, mwenza. Chini yake panafuata kisengere nyuma kilichobanwa kuliko chochote ninachokijua katika nathari yetu, yaani historia ya uzazi uliotangulia, ambayo muuguzi ameifunga kwa alama nne, G2 P1. Mimba ya pili, amezaa mara moja. Herufi za Kilatini zinatunza idadi na kuacha mengine yote, na ni kisanduku cha jirani kinachouliza kama aliyezaliwa yu hai. Papo hapo kisengere nyuma kinageuka kisengere mbele, kwani kila swali kuhusu yaliyopita limewekwa kwa ajili ya linaloweza kuja: umri chini ya miaka 20 au zaidi ya 35, kimo chini ya sentimita 150, mimba ya tano na kuendelea, upasuaji wa awali. Mtunzi wa riwaya huficha dalili za msiba ndani ya mandhari, akitumaini msomaji atazikumbuka baadaye. Mtunzi wa kadi anazipanga hadharani na kumwachia muuguzi aweke tiki. Taharuki haipungui kwa hilo. Inahama tu kutoka kwenye swali la nini kitatokea na kukaa kwenye swali la nani ataiona tiki hiyo usiku wa leba, wakati kadi inapokabidhiwa mtu ambaye hajawahi kumwona mwenye kadi.

Kisha jedwali, ambalo ndilo kiini cha matini hii. Kila hudhurio ni safu ya wima na kila kipimo ni mstari wa ulalo, hivyo kadi ina njia mbili za kusomwa: ukishuka unasoma siku moja, ukienda kando unasoma jambo moja likipita katika siku nyingi. Mshairi wa mapokeo anaijua raha ya namna hii kupitia vina vya kati na vya mwisho, vinavyomfanya msomaji ateremke na kutambaa kwa wakati mmoja. Na vina vimo humu, tena vina halisi. Mstari wa umri wa mimba kwa wiki na mstari wa kimo cha mimba imewekwa karibu ili iitikiane: kuanzia wiki ya 20 hivi hadi ya 36, tepu ikipimwa kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya tumbo la uzazi, sentimita zinatarajiwa kuikaribia idadi ya wiki. Kwenye kadi ya dada yangu, 26 inaitikiwa na 26, 30 inaitikiwa na 29, 34 na 34. Kabla ya tepu, mkono wa mkunga ulikuwa na vituo vyake mwilini, kitovu kwa wiki ya 20 hadi 22, chembe cha moyo kwa wiki ya 36, na wakunga wengi bado wanaanza hapo kabla ya kugusa tepu. Kina kikivunjika, maana inazaliwa: labda mtoto hakui, labda ni pacha, labda tarehe ilikosewa tangu mwanzo. Kuvunja kina ili kutoa maana ni ufundi tunaousifu kwa washairi wakubwa, na hapa umewekwa mikononi mwa msomaji yeyote aliyepata mafunzo ya ukunga.

Mistari mingine mitatu inafanya kazi kama wahusika wa tamthilia moja: presha, protini mkojoni na kuvimba miguu. Mmoja peke yake hubabaisha, kwa sababu miguu ya mjamzito wa Dar es Salaam mwezi wa Februari huvimba kwa joto tu. Wakitokea pamoja, presha ikifika 140 kwa 90 na mkojo ukionyesha protini, pazia linafunguliwa kwa kifafa cha mimba. Utatu huu ndio sehemu kongwe kuliko zote za jedwali. Kliniki za wajawazito za mwanzo wa karne iliyopita zilijengwa hasa kuuvizia ugonjwa huo, na mtu akiisoma kadi kama mwanaisimu anavyosoma lugha, atatambua kwamba mistari hii ni mizizi na mingine mingi ni viambishi vilivyopachikwa baadaye: vipimo vya maambukizi, dawa za kuzuia malaria, sindano ya pepopunda, vidonge vya damu.

Lugha yenyewe imegawana kazi kwa namna ambayo sidhani kuna aliyeipanga. Kwenye kadi hii kinachopimwa na maabara kimebaki na vifupisho vya Kiingereza, Hb na wenzake. Kinachopimwa kwa mikono kinasema Kiswahili. Mlalo wa mtoto. Kitangulizi. Neno hili la pili linastahili kusimamiwa kidogo. Limetokana na kutangulia kama ulivyotokana utangulizi wa kitabu, na linataja kile kiungo cha mtoto kilichoelekea mlangoni, kichwa au matako. Sijui istilahi nyingi za kitaaluma zilizoundwa kwa utulivu kama huu, bila kuazima na bila kutisha, kiasi kwamba mama asiyewahi kulisikia hulielewa linapotamkwa mara ya kwanza. Nimekaa katika vikao vya istilahi ambavyo vingeipa dhana hiyo jina lenye silabi tisa.

Sasa mizani. Kadi imetungwa kwa ratiba, na ratiba ndiyo wizani wake, na wizani huo una ukoo. Mwaka 1901, John William Ballantyne wa Edinburgh alitetea hoja kwamba mimba nayo ni hali ya kuangaliwa kitabibu kabla ya uchungu kuanza, na kilichopatikana kwanza kilikuwa kitanda kimoja tu. Kliniki ya nje kwa wajawazito ilifuata mjini humo mwaka 1915. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1918 ikaziruhusu halmashauri za miji kugharimia huduma za mama na mtoto, na kliniki ikawa jambo la manispaa, pamoja na maji, taa na takataka. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya huko ikatoa waraka uliotaja siku zenyewe: wiki ya 16, ya 24, ya 28, kisha kila wiki mbili hadi ya 36, kisha kila wiki hadi kujifungua. Isome kwa sauti. Pengo la nane, pengo la nne, mbili, mbili, mbili, mbili, moja, moja, moja, moja. Ni ngoma inayokolea. (Mshairi atatabasamu kuona inaanza na 16 na kufuatiwa na 8, mizani za mshororo na mizani za kipande; lakini nisilivute jambo hili, maana aliyeandika waraka hakuwa na habari za mshairi Muyaka.) Ratiba hiyo haikutanguliwa na utafiti wowote uliopima kama mahudhurio kumi na moja yanafaa kuliko matano. Iliaminika kwa sababu ilikuwa na umbo linaloshawishi: hatari inaongezeka kadiri siku zinavyokaribia, na wizani unaongeza kasi pamoja nayo. Umbo lilitangulia ushahidi kwa miaka sabini hivi, na dunia nzima ilitembea kwa mdundo huo.

Ulipofika pwani yetu, mdundo uliwakuta watu wamegawanywa. Dar es Salaam ya Mwingereza ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama mstari mtupu kati ya beti mbili zisizotakiwa kusomwa pamoja. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani na kukamilika mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walikuwa na ile ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfadhili wake, Sewa Haji Paroo. Katika miji jirani, nyumba za uzazi zilianza kwa hisani kabla ya kuwa za umma. Zanzibar ilipata chama cha hiari cha kuhudumia wazazi mwaka 1918. Uganda, Katharine Cook wa Mengo alikuwa akifundisha wakunga mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nairobi ilifungua nyumba ya Lady Grigg huko Pumwani mwaka 1926, ambayo baadaye ikaingia mikononi mwa manispaa na leo ndiyo hospitali ya uzazi ya Pumwani. Upanga ulingoja. Hospitali ya Princess Margaret ilifunguliwa hapa mwaka 1956, na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Ndani yake jengo moja bado linaitwa Sewa Haji, jina likiwa limehama na wagonjwa wake.

Historia hiyo inaeleza nafsi inayonena kwenye kadi. Hisani na manispaa, kila moja kwa namna yake, humzungumzia mama kama mtu wa tatu. Hakuna mahali kwenye jedwali ambapo kitenzi kina nafsi ya kwanza, na nafsi ya pili hujitokeza pembeni tu, kwenye maelekezo ya dalili za hatari na ya kurudi. Hata neno hudhurio ni neno la daftari la shule: mwanafunzi huhudhuria, mwalimu huweka alama, na anayechelewa hujua atakachoambiwa. Shirika la Afya Duniani lilipoutangaza mpango wake mpya mwaka 2016, lilitaka wataalamu waache kusema ziara na waanze kusema makutano, kwa kuwa makutano yana watu wawili. Kwa Kiswahili cha kliniki, hudhurio halijang'oka.

Mpango huo mpya nao usomwe kama wizani. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Argentina, Cuba, Saudi Arabia na Thailand, yakiashiria kwamba mahudhurio machache yenye shabaha yanaweza kutosha, na mwaka uliofuata ukaja mtindo wa mahudhurio manne, ambao Tanzania iliuchukua. Manne ni ubeti safi, wenye kichwa, kiwiliwili na mwisho, na wapangaji wa huduma waliupenda kwa sababu ubeti mfupi hukaririka. Lakini ulikuwa na ukimya mrefu mno kuelekea mwisho, na ni katika kipindi hicho kifafa cha mimba hupenda kuingia. Toleo la 2016 limerejesha kasi: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38, 40. Mapengo yanapungua taratibu, nane, sita, nne, nne, mbili, mbili, mbili, bila ule mdundo wa kila wiki wa mwaka 1929 uliomchosha mama wa Kimara au Mbagala anayepanda daladala mbili kufika kliniki. Nikiulizwa, huu ndio wizani bora wa mitatu. Kadi ya dada yangu ilifunguliwa wiki ya 14, haikuukamilisha, ikaishia kwenye hudhurio la saba wiki ya 38, na safu iliyobaki ni tupu kwa sababu mtoto alikuja wiki ya 39. Ni utupu wenye heri, na jedwali halina alama ya kuutofautisha na utupu wa mama aliyekosa nauli.

Mtu akitaka kuona kadi hii imechagua nini, aiweke kando ya kadi ya mtoto, ambayo dada yangu amenipa pia. Ile ni mchoro. Ina njia yenye rangi inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia, na nukta za uzito zinaunganishwa kuwa mstari mmoja. Asili yake ni kazi ya daktari David Morley katika Nigeria ya magharibi, aliyetaka mama aone kwa jicho lake kama mwanawe yuko barabarani au ametumbukia mtaroni. Akina mama wa Dar wanaisoma bila kusaidiwa. "Amepanda," husema, au "kashuka kidogo, alikuwa na meno." Wanaonyeshana kwenye benchi. Kadi ya mjamzito haionyeshwi hivyo. Inasikika zaidi ya kusomwa: muuguzi mmoja anapima, anaita, "kilo sitini na mbili, presha mia moja kumi kwa sabini," mwenzake anaandika, na mama aliyelala kitandani anasikiliza habari zake zikipita juu ya kichwa chake. Natumia hapa istilahi ya kujitungia: yeye ni mbebamatini, anayelinda andiko lisilomlenga yeye kama msomaji. Huko Uingereza, kumbukumbu za aina hii kwa muda mrefu zilikaa kwenye kabati za kliniki. Kumkabidhi mama kadi yake aende nayo nyumbani ni hatua kubwa ya kifani, kwa kuwa inamfanya maktaba. Kumfanya msomaji ni hatua nyingine, na kadi ya mtoto imeshaichukua.

Na bado, sidhani kama kadi ya mama imemnyamazisha mama kiasi kinachodhaniwa. Turudi juu kabisa, kwenye tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kutokana na tarehe hiyo muuguzi hukokotoa siku ya matarajio kwa kanuni iliyopewa jina la Mjerumani Franz Naegele: ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, panda mwaka. Siku 280 kwa jumla. Mabibi zetu walioihesabu mimba kwa mwezi mwandamo walikuwa wakisema miezi tisa na nusu kasoro, na ukizigawa 280 kwa 29 na nusu utakuta hawakuwa mbali. Lakini tarehe yenyewe hutoka wapi? Haitoki kwenye mzani wala kwenye kichupa. Hutoka kinywani mwa mama, na mara nyingi hutoka kwa kusitasita: ilikuwa wiki ya Maulidi, ilikuwa kabla shule hazijafungwa, ilikuwa siku ile tuliyompeleka mama Mkuranga. Utrasaundi huja baadaye kuisahihisha kwa wenye kuipata mapema. Bila tarehe hiyo, umri wa mimba hauna pa kusimama, kimo hakina cha kuitikiana nacho, ratiba haina siku ya kwanza. Jedwali lote la tarakimu limejengwa juu ya kumbukumbu ya mwanamke mmoja, kisha likaendelea kusema kana kwamba linajitegemea.

Mara ya pili sauti yake inaingia katikati ya jedwali, kwenye mstari wa chini ya kitangulizi: mtoto anacheza. Ni sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu, ndani ya bahari ya nomino, na kitenzi chake kiko katika wakati uliopo. Mistari mingine ina mizani, tepu, fetoskopu, ile tarumbeta fupi aliyoiunda Adolphe Pinard mwaka 1895 na ambayo bado inabanwa sikioni kwenye kliniki zetu. Mstari huu hauna chombo. Hauwezi kujazwa ila muuguzi anyanyue uso na kuuliza, na jibu halina wa kulihakiki. Tena kitenzi ni kucheza, siyo kusogea wala kujigeuza. Kiswahili kimempa aliyemo tumboni tendo la furaha kabla hajapewa jina, na waliotunga kadi, ambao kila mahali pengine wamebana na kukata, hapa waliliacha.

Nina toleo jingine la matini hii. Dada yangu alipokuwa na mimba ya kwanza, miaka mitano iliyopita, kliniki aliyokwenda ilikuwa imeishiwa kadi, akaambiwa anunue daftari. Alilalamika njia nzima, na alikuwa na haki. Daftari hilo lipo, la kurasa 40, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma na picha ya twiga mbele. Muuguzi alilichorea jedwali kwa rula na kalamu ya bluu, kwa kichwa, bila kunakili popote, kama mjuzi wa utenzi anavyouandika upya baada ya nuskha kuliwa na mchwa. Na kama ilivyo kwa nuskha zote za namna hiyo, kilichoanguka kinafunza na kilichobaki kinafunza zaidi. Elimu haipo, kazi haipo, mwenza hayupo. Vipo tarehe, uzito, presha, mkojo, wiki, kimo, mlalo, mapigo, siku ya kurudi. Kati ya mapigo na siku ya kurudi, kwa mwandiko uleule ila mkubwa kidogo, ameandika neno moja akaliwekea alama ya kuuliza, ambayo kadi iliyochapwa haina mahali popote kwenye jedwali lake: anacheza?